Naombeni ushauri: bango la akriliki la ukutani, mafundi wawili bei mbali mbali kabisa

Binti wa Cherehani (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Nahamisha kazi yangu ya ushonaji kutoka sebuleni kwenda kwenye fremu ya kupanga huku Sinza. Nataka ukuta wa nyuma ya meza ya mapokezi uwe na bango la akriliki (ile plastiki ngumu kama kioo) lenye jina la biashara, kama sentimita 120 kwa 60. Nimependa ile akriliki angavu inayoonyesha ukuta nyuma yake, halafu herufi ziwe za dhahabu ya kung'aa. Ukuta wenyewe ni wa rangi ya maziwa na ni patisheni ya jipsam, si tofali. Mkabala wake kuna dirisha kubwa la vioo linalotazama barabarani.

Nimeuliza mafundi wawili. Wa kwanza bei yake inakaribia mara mbili ya wa pili, na nikiuliza tofauti iko wapi wote wananijibu "akriliki ni akriliki tu dada". Hapo ndipo niliposhika simu nije kwenu.

La pili: wazazi wamemaliza nyumba Kibaha, na sisi watoto tumechanga tuwawekee kibao cha jina la nyumba getini. Geti ni la chuma, jeusi, linapigwa jua kuanzia saa saba mchana mpaka linazama. Je, akriliki inafaa huko?

Naombeni maelezo, bei nitazitafuta mwenyewe.

Siti ya Mbele

Hongera kwa fremu dada. Mimi nakaa hapa, ngoja waje wajuzi.

Fundi Leza

Dada, anayekwambia akriliki ni akriliki ama hajui anachouza, ama anakijua vizuri sana.

Shiti za akriliki zinatengenezwa kwa njia mbili. Kuna zinazomiminwa katikati ya vioo viwili zikagandia humo, na kuna zinazokamuliwa na mashine mfululizo kama tambi. Ya kukamuliwa ni rahisi bei. Ukiikata kwa leza pembeni inayeyuka na kuacha utandu, na ukiichora maandishi hayatoki meupe, yanabaki angavu, hayaonekani. Ya kumiminwa ukiichora kwa leza inatoka nyeupe kama barafu, na inavumilia dawa na gundi kuliko mwenzake. Kwa kibao cha mlangoni kilichobandikwa stika, ya kukamuliwa inatosha, wala usilipie zaidi. Kwa kitu cha kuchorwa au cha kutobolewa na kufungwa nati, dai ya kumiminwa.

Halafu kuna balaa la tatu, nalo si akriliki kabisa. Ni polistirini, inauzwa kwa jina la akriliki. Mpya inang'aa vile vile, ila juani inageuka njano na inavunjika kirahisi. Mwombe fundi kipande cha mabaki, toka nje, kiwashe kiberiti. Akriliki inaungua na moshi kidogo, harufu yake tamu tamu kama ya matunda. Polistirini inatoa moshi mweusi wenye masizi yanayoelea hewani. Fundi atakayekunyima kipande cha kidole kimoja umeshamjua.

Unene ndio unaokula pesa. Kwa 120 kwa 60, milimita 3 ikishikwa pembe nne itapinda katikati, na taa ikiimulika utaona ukuta wote unacheza kama maji. Anza na 5. Hiyo itakuwa na uzito wa kilo nne na kitu. Ukipanda milimita 10 inapendeza sana pembeni, lakini unakaribia kilo tisa, na wewe una jipsam. Waulize mafundi wako wawili walikuwa wanazungumzia milimita ngapi. Nusu ya tofauti ya bei utaikuta hapo hapo.

Mhasibu wa Mtaa

Fundi Leza umemwaga. Mimi nina neno kwenye dizaini. Dhahabu ya kung'aa juu ya akriliki angavu juu ya ukuta wa maziwa, na dirisha mkabala? Mteja ataona magari yanapita, ataona uso wake mwenyewe, jina la biashara atalisikia kwako. Akriliki ya kioo huakisi kila kilicho mbele yake, na angavu nayo inameremeta. Ofisini kwetu lipo la namna hiyo. Asubuhi halisomeki, jioni taa zikiwashwa ndipo linasomeka.

Kabla hujalipa chochote, chapisha jina lako kwenye karatasi kwa ukubwa halisi, libandike ukutani kwa ile tepu ya mafundi rangi, kisha simama mlangoni. Watu wa mabango huhesabu urefu wa herufi wa sentimita mbili na nusu kwa kila mita tatu za umbali. Fremu yako ikiwa na mita sita kutoka mlangoni, herufi ya sentimita tano ndiyo ya chini.

Binti wa Cherehani (mleta uzi)

Mhasibu umenivunja moyo ila umesema kweli, nimejaribu kuangalia kwa simu na dirisha lote linaonekana ukutani. Sasa nikiacha ubao wa akriliki, nikabandika herufi mojamoja, moja kwa moja ukutani? Naona saluni nyingi wanafanya hivyo, na kwenye jipsam si itakuwa nyepesi?

Fundi Leza

Ni nyepesi na inapendeza. Lakini umesema fremu ni ya kupanga. Herufi zilizogandishwa ukutani siku ya kuhama zinatoka na rangi, na kwenye jipsam zinatoka na karatasi yake kabisa. Mwenye nyumba atakukata kwenye amana, nawe huna bango la kuondoka nalo.

Mimi ningekufanyia hivi: ubao wa akriliki ya milimita 5 yenye rangi yake, kijani kibichi iliyoiva au nyeusi isiyong'aa, halafu herufi za dhahabu za milimita 3 zimegandishwa juu ya huo ubao. Dhahabu isiyo ya kioo, ile iliyopaukapauka kidogo. Inasomeka muda wote, haionyeshi vidole, na ukihama unafungua nati unaondoka na biashara yako.

Angalia neno "yenye rangi yake". Kuna akriliki ambayo rangi imo ndani ya shiti, na kuna angavu iliyochapishwa au kupigwa stika kwa nyuma. Ya kwanza haichuniki. Ya pili si mbaya, ila chapa ikae upande wa nyuma, maandishi yamegeuzwa, kisha ipigwe nyeupe juu yake. Ukichapa mbele, kitambaa cha kufutia vumbi ndicho kitakachoila.

Ukilazimika kutumia dhahabu ya kioo, mwambie fundi asitumie ile silikoni inayonuka siki. Inakula rangi ya nyuma ya kioo na utaanza kuona madoa yanatokeza mbele. Kuna silikoni isiyonuka hivyo, aitafute.

Mzee wa Mninga

Nyie vijana plastiki mnaipamba kama lulu. Nyumba ya wazazi wawekeeni kibao cha mninga, kichongwe na fundi seremala, kipakwe vanishi. Akriliki ni ya ofisi na hospitali.

Siti ya Mbele

Mzee na mchwa wa Kibaha unawajua?

Mzee wa Mninga

Mchwa hali mninga kirahisi hivyo, waulize waliokutangulia. Ila vanishi lazima irudiwe, hapo nakubali.

Mwana wa Nyali

Salaam kwenu kutoka Mombasa. Mimi naongezea la nati, maana huku kwetu bahari haina huruma. Zile nati ndefu zinazoliacha bango likae mbali kidogo na ukuta, nyingi zinazouzwa ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu. Chumvi ikiingia utaona michirizi ya kutu inateremka ukutani chini ya kila nati, na kibao chenyewe hakina kosa. Nenda dukani na sumaku ndogo. Ikishika kwa nguvu, hicho ni chuma. Chuma cha pua (kisichoshika kutu kirahisi) cha daraja la 304 au 316 sumaku haikishiki, au inashika kidogo sana. Kwa nyumba iliyo karibu na pwani chukua 316. Kibaha nafikiri 304 yatosha.

Fundi Leza

Uko sahihi kabisa Mwana wa Nyali.

Mleta uzi, turudi Kibaha. Akriliki yenyewe jua haiiogopi, ya kweli inakaa nje miaka na haigeuki njano. Kinachokufa ni wino na stika, na nyekundu ndiyo hutangulia. Kwa hiyo kule usichapishe kitu, kata herufi kwenye akriliki yenye rangi yake.

Ila usiweke getini! Sababu ya kwanza ni mtikisiko. Geti la chuma linapigwa kwa nguvu kila siku, na ufa huanzia kwenye tundu la skrubu. Ya pili ni joto. Akriliki inatanuka kiasi cha milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Weka kibao cha mita moja kwenye chuma cheusi, asubuhi kipoe, alasiri joto lake lipande kwa nyuzi 30: hapo kimeongezeka milimita mbili. Kama fundi kakaza skrubu kwenye tundu linalobana, kibao hakina pa kwenda ila kupasuka. Kiwekeni kwenye nguzo ya tofali pembeni ya geti, na matundu yawe mapana kuliko skrubu kwa milimita mbili tatu. Matundu yakatwe na leza huko huko kiwandani, yakae sentimita mbili au zaidi kutoka ukingoni. Fundi akija na drili ya chuma kutoboa pale pale getini, mzuie. Ile ncha inakwama na kung'oa kipande.

Pia kibandiko cha namba ya nyumba kile cha anwani za makazi msikifunike. Kibao chenu kikae juu yake au upande wa pili wa geti.

Kapteni Spana

Na kwenye jipsam ya Sinza mbona hujamalizia? Kilo nne na kitu siyo nzito, lakini fisha ya kawaida (kile kiplastiki cha kushikia skrubu ukutani) kwenye jipsam ni kama kupigilia msumari kwenye mkate. Gonga ukuta usikilize, tafuta ilipo fremu ya ndani, ya mbao au ya chuma, angalau nati mbili zishike hapo. Zilizobaki tumia zile fisha zinazofunguka mabawa kwa nyuma. Kwa urefu wa sentimita 120 usikubali nati nne, weka sita. Kama patisheni haijafungwa bado, mwambie fundi jipsam aweke ubao nyuma ya eneo la bango kabla hajaziba. Hiyo ndiyo dawa rahisi kuliko zote.

Binti wa Cherehani (mleta uzi)

Patisheni upande mmoja bado iko wazi! Kapteni Mungu akubariki, kesho asubuhi nawahi kabla hajaziba.

Nimewapigia wale mafundi sasa hivi. Wa bei ya chini alikuwa anazungumzia milimita 3, stika ya dhahabu mbele, na kubandika kwa tepu ya pande mbili. Wa bei ya juu ni milimita 5, herufi za kukatwa, na nati nne. Nilipomuuliza kama shiti ni ya kumiminwa alinyamaza kidogo, akasema "dada wewe unafanya kazi hizi?" Nimecheka. Amekubali kunipa kipande nikichome.

Swali la mwisho: kuna mtu amenishawishi niweke taa kwa nyuma ili herufi ziwe na mwanga. Na usafi je? Fremu iko barabarani, vumbi ni la kila siku.

Mhasibu wa Mtaa

Usafi: maji yenye sabuni kidogo na kitambaa laini, basi. Ile dawa ya bluu ya kusafishia vioo usiiguse, wala spiriti, wala thina. Kwetu dada wa usafi alikuwa anapiga spiriti kwenye vibao vya milango kwa nia njema kabisa. Baada ya muda kila tundu la skrubu limezungukwa na nyufa nyembamba kama nywele. Na usifute kikavu, lile vumbi la barabarani ni mchanga, linakwangua. Andika maelekezo uyabandike stoo, maana atakayefuta siyo wewe.

Fundi Leza

Taa kwa ubao usiopitisha mwanga inawezekana, mwanga unapiga ukutani kuzunguka herufi au ubao. Lakini ubao wako lazima ukae mbali na ukuta zaidi, ukikaribia utaona nukta nukta za taa badala ya mwanga uliotulia. Chukua taa za volti 12, na transfoma yake iwe na ziada ya asilimia 20 juu ya mzigo wa taa, isiwe inafanya kazi kwa kukamia. Transfoma isifichwe ndani ya jipsam, ikae mahali unapofikia kwa mkono, maana ndiyo itakayokufa kwanza. Na kwa kuwa patisheni iko wazi, waya upitishwe kesho hiyo hiyo hata kama taa utaweka mwakani.

Kwenye malipo: nusu mbele, nusu likishafungwa. Kabla hajakata akutumie dizaini ya mwisho, uisome herufi kwa herufi, umpe na mtu mwingine asiyeijua biashara aisome. Jina lifanane na lile ulilosajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Na karatasi ya juu ya akriliki isibanduliwe mpaka siku ya kufunga, wewe ukiwepo.

Siti ya Mbele

Ukikichoma kile kipande tuletee majibu ya moshi.