ETI SINZA PALIKUWA PORI! Kanitamkia msibani, mbele za watu, na mnofu mdomoni

Kambale wa Mto Ng'ombe (mleta mada)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnisamehe. Nimetoka msibani sasa hivi, hata kanzu sijavua.

Huyo mtu mnamjua. Wa Sinza wote mnamjua. Yule mwenye geti refu kuliko la gereza, aliyehamia juzi, plasta ya nyumba yake haijakauka. Jina silitaji, sitaki kumpa umaarufu.

Tulikuwa tumekaa watu wazima chini ya turubai tunamzungumza marehemu, bibi yetu wa kona. Bibi yule alipata kiwanja chake miaka ya 70, kwenye ule mradi wa viwanja wa serikali na Benki ya Dunia, Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipopimwa. Televisheni ilipoingia Bara mwaka 1994, mtaa mzima tulihamia dirishani kwake, wavu wa mbu ukachanika, wala hakumfukuza mtu. Tunakumbushana hayo taratibu, kuna mzee mmoja machozi yanamtoka. Ndipo yule bwana, sahani ya pilau mkononi, MNOFU MDOMONI, akatugeukia: "Wazee mnapenda hadithi. Hapa palikuwa pori tu. Mji tumeuleta sisi."

Pori.

Hata kumeza hakumeza kwanza! Mtu anafuta maisha ya watu na huku mafuta ya pilau yanamtiririka kidevuni!

Pori lina balozi wa nyumba kumi? Sisi tulikuwa naye, na ukilaza mgeni bila kumwambia, asubuhi yuko mlangoni. Pori linapanga foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, saa kumi alfajiri? Ndoo na mawe vilikuwa vinatushikia nafasi, na jiwe la mtu hukuthubutu kulisogeza. Sensa ya 1978 ilihesabu watu 843,090 Dar es Salaam hii. Wote hao walikuwa ngedere? Kituo kinaitwa Kwa Remmy mpaka leo, makonda wanaita kutwa nzima, na yeye wageni wake anawaelekeza washukie hapo hapo. Kwa hiyo mwanamuziki Remmy Ongala alikuwa anaishi juu ya mti na bendi yake ya Super Matimila?

Mikorosho ilikuwepo, sikatai. Miembe ilikuwepo. Lakini kila mwembe ulikuwa na mwenyewe, na tulijua fimbo ya kila mwenye mwembe ina uzito gani. Mto Ng'ombe tulivua kambale wa kushiba nyumba nzima, leo ukitumbukiza mguu unautoa hauna kucha. Na ule mwembe wa kwenye kiwanja chake kaukata yeye mwenyewe, kamwaga vitofali uwanja mzima, halafu jua likiwaka anakuja kukaa kwenye kivuli cha mwembe wetu. Akishakaa ndiyo anatwambia palikuwa pori!

Sikumjibu. Nilimheshimu marehemu. Nimefika nyumbani chakula hakipiti. Nikifumba macho nauona ule mnofu unapanda, unashuka, "pori tu", unapanda, unashuka, "pori tu". Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakumwona huyu. Kaja, na mwenyeji presha imefika 200.

Nyie mngemfanya nini?

Kondakta Mstaafu

Pole sana mkuu. Namjua! Ndiye aliyejenga ukuta juu ya kichochoro cha kwenda msikitini, sasa kila alfajiri tunauzunguka ukuta wake kama tuko kwenye tawafu. Ungemwagia maji ya kunawia.

Mtoto wa Elfu Mbili

Shikamoo mzee. Ila nimesoma mpaka mwisho. Mikorosho, miembe, kambale, mto. Mbona hilo ni pori kabisa? Kwa upande wangu naona jamaa kasema kweli.

Kambale wa Mto Ng'ombe

Marahaba. Shamba na pori ni vitu viwili, mwanangu. Shamba kuna mtu kalala njaa kwa ajili yake. Na kama ni kweli, kwa nini aseme anatafuna?

Nipo Kijiweni

Mleta mada umeandika gazeti zima kwa ajili ya mnofu. Ulikuwa wa ng'ombe au wa mbuzi? Swali muhimu sana hilo.

Binti Gerezani

Na mimi niulize. Mtu wa Sinza naye analilia mji wa zamani? Si mmepimiwa viwanja juzi tu, miaka ya 70? Sisi bibi yetu kazaliwa Gerezani na kazikwa akitokea Gerezani. Kariakoo ilipata jina kwenye kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Vita Kuu ya Kwanza, Wazungu wanasema "Carrier Corps", sisi tukakata mzizi wa fitina tukaita Kariakoo. Wakati huo huko kwenu fisi walikuwa wanapishana kama bodaboda. Huyo bwana kosa lake ni kutomeza tu.

Mzaramo Mwenyewe

Binti Gerezani nawe kaa chini. Huu mji ulikuwa Mzizima. Sultani Majid alipokuja kutoka Unguja miaka ya 1860 kujenga Dar es Salaam yake, wenyewe aliwakuta wapo. Nyie wote mnagombania ukongwe kwenye kiti cha watu. Tukianza kuhesabu nani mgeni humu, uzi huu atabaki mtu mmoja, mimi.

Nipo Kijiweni

Hahaha, mada imehama kata.

Kota za Magomeni

Jamani, mwenzenu kaambiwa neno moja analia. Sisi tulivunjiwa. Kaya 644. Nimezaliwa kota zile, nimejifunza baiskeli kota zile, nimeolewa nikitokea chumba kile kile alichozaliwa kaka yangu. Baada ya hapo ni kupanga: Tandale, Kigogo, Mburahati, kila mwaka mwenye nyumba mpya na masharti mapya. Magorofa mapya yakazinduliwa 2022, mazuri, sisemi uongo. Mama hakuyaona. Amefariki vyombo vyake vya kabatini vimefungwa kwenye magazeti, anasema asivifungue mpaka turudi, visije vikavunjika njiani. Mimi sikufungua uzi. Nani angechangia?

Kondakta Mstaafu

Pole dada yangu. Hili limenichoma.

Binti Gerezani

Pole sana. Kwa hili sina utani.

Kambale wa Mto Ng'ombe

Pole sana dada. Mimi na wewe ni kitu kimoja, wote tumefutwa. Tofauti ni kwamba wa kwangu kanifuta akiwa anatafuna.

Kota za Magomeni

Mzee, acha huo mnofu.

Kondakta Mstaafu

Mimi kinachoniuma ni usafiri. Leo asubuhi basi limenifungia mlango, mkono wangu uko ndani, mimi niko nje, nakimbia nao kama namsindikiza bibi harusi. Mimi! Nimefanya kazi UDA, shirika la mabasi la jiji. Tulikuwa na Ikarus kumbakumba kutoka Hungary, basi refu linajikunja katikati, watoto wanagombania kusimama pale kwenye sahani inayozunguka likikata kona. Linameza mtaa mzima, na mama mjamzito akipanda watu watano wanasimama kwa pamoja. Leo watu wote wamelala ghafla, na simu mkononi zinawaka.

Mtoto wa Elfu Mbili

Basi linajikunja katikati, miaka hiyo? Mzee, hii chai.

Kondakta Mstaafu

Unaijua chai wewe? Unaijua chai maharage? Yale magari ya mabenchi mawili mnatazamana, magoti yanagusana, kama mmekaa mezani mnakunywa chai kwa maharage. Ukipanda na mtu mliyegombana mnashuka mmepatana, hakuna pa kuangalia pengine. Na daladala unayopanda kila siku unajua kwa nini inaitwa hivyo? Nauli ilikuwa dala, shilingi tano. Zilikuwa zinabeba watu kwa kujificha mpaka serikali ikaziruhusu 1983. Chai!

Mtoto wa Elfu Mbili

Hiyo ya dala sikuwa naijua. Nimetulia.

Binti Gerezani

Usafiri ulikuwa mateso tu, msitudanganye, nimening'inia mlangoni na sare ya shule mpaka kifungo kikabaki na mtu mwingine. Raha ya mji ilikuwa sinema. Empire, Avalon, Odeon, Cameo. Sikukuu ya Idi unavaa gauni lina mkanda wa nyuma, unapewa hela ya tiketi na hela ya karanga, na ole wako urudi na chenji pungufu.

Nipo Kijiweni

Na Drive-In ya Msasani! Pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa. Sisi tusio na gari tulikuwa tunapanda miti ya jirani. Picha unaiona yote, sauti husikii hata moja, kwa hiyo kila mti ulikuwa na mtu wake wa kutunga maneno. Nimekuja kuona picha moja ukubwani, nikagundua yule tuliyekuwa tunamwita adui alikuwa baba mzazi wa msichana.

Mzaramo Mwenyewe

😂😂😂 Nimecheka mpaka mke wangu kaamka.

Kambale wa Mto Ng'ombe

Jamani, turudi kwenye mada. Pori! Kanambia PORI! Kesho kuna hitma, na atakuja, na atapewa sahani tena. Nifanye nini?

Kondakta Mstaafu

Drive-In ilikuwa ya wenye hela. Mji ulikuwa bendi ya Msondo. Basi.

Binti Gerezani

Sikinde. Kondakta usianze. Jumamosi ukumbi wa DDC Kariakoo, magitaa yanaongea kama watu, wewe unakuja na Msondo?

Kondakta Mstaafu

Msondo ilianza ikiitwa NUTA Jazz mwaka 1964. Sikinde wamekuja 1978. Juzi! Plasta haijakauka, kama anavyosema mleta mada.

Mzaramo Mwenyewe

Waliotangulia si lazima wawe wazuri. Sikinde.

Kota za Magomeni

Msondo. Kaka yangu aliachwa na mchumba kwa ajili ya Msondo, na hakujuta.

Mtoto wa Elfu Mbili

Zote nimezisikia kwa babu, zinafanana.

Binti Gerezani

WEE! Zinafanana?! Wasimamizi mfungieni huyu.

Nipo Kijiweni

Zinafanana? Heri angesema pori.

Kambale wa Mto Ng'ombe

Ni Sikinde. Marehemu wetu alikuwa wa Sikinde damu. Jumamosi jioni anatupangia sisi watoto wa mtaa kazi za kesho yake, anajifunga doti mpya, viatu anavibeba mkononi mpaka kituoni visiingie mchanga. Tulikuwa tunamsindikiza, halafu tunamlilia atupe na sisi nauli.

Kondakta Mstaafu

Viatu mkononi? Mwembamba, mrefu kidogo, ana mwanya?

Kambale wa Mto Ng'ombe

Huyo huyo. Akishuka Kariakoo.

Kondakta Mstaafu

Ah. Basi huyo nimemkatia tiketi miaka. Alikuwa akishavaa viatu ndipo anatoa hela. Hitma ni saa ngapi, kaka?