Natafuta familia ya Nicodemus, Kansas: sensa ya 1890 iko wapi?

Mkamwana: Habari za leo ndugu zangu. Mama mkwe wangu ni Mmarekani mweusi, umri umeenda, na ameniomba nimtafutie watu wa bibi yake mzaa mama, aliyezaliwa 1883 Nicodemus, kaunti ya Graham, Kansas. Kwenye sensa ya 1880 nimewaona wazazi na watoto wanne, wazazi wote wazaliwa wa Kentucky. Ya 1900 wapo tena. Ya 1890 patupu, wiki mbili natafuta. Halafu anasisitiza kwamba walianza maisha wakiishi shimoni. Ni kweli, au simulizi imetiwa chumvi?

Karani Mstaafu: Mwanangu, usijichoshe. Fomu za 1890 karibu zote zimepotea; nyingi ziliharibiwa na moto na maji huko Washington, Januari 1921. Lakini Kansas ilikuwa na sensa zake yenyewe, 1885 na 1895. Mtafute bibi kwenye ya 1885, atakuwa mtoto wa miaka miwili, na pana safu inayoeleza walihamia Kansas kutoka wapi. Kisha rudi kwenye ya 1900, mstari wa mama yake. Kuna safu mbili ambazo watu huziruka: watoto aliozaa, na walio hai.

Msoma Ramani: Shimoni ni kweli kabisa, usimbishie mama. Nicodemus ilianzishwa 1877, na wengi walikuwa watu waliotoka utumwani Kentucky. Uwanda ule miti ya kujengea ilikuwa adimu. Walichimba ubavuni mwa kilima, wakaezeka kwa matawi na nyasi, wakashindilia udongo juu. Nje unaona bomba la jiko tu. Willianna Hickman, mmoja wa walowezi hao, alipofika 1878 alioneshwa moshi ukitoka ardhini, akaambiwa mji ndio huo. Alilia. Majira ya baridi ya kwanza, Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Amerika, waliokuwa wakirudi kutoka kuwinda waliwagawia nyama.

Kama familia ilipewa shamba la serikali, ekari 160 kwa sharti la kuishi hapo miaka mitano, omba jalada lao kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Mashahidi ni majirani, wanataja nyumba ilivyokuwa na ekari zilizolimwa. Mimi jalada hilo nalithamini kuliko sensa zote.

Mkamwana: Shikamoo mzee, asanteni wote. Nimeifungua ya 1900 sasa hivi. Alizaa tisa, walio hai sita. Mama mkwe anawajua sita tu kwa majina. Kesho nikimpigia simu nitaanza na hao watatu, habari ya shamba itafuata.