Naomba ushauri: flagi za kompaila haziingii kwenye paketi yangu ya Debian

Wakuu, habari za jioni. Naandaa paketi ya .deb ya programu ndogo ya C kwa kompyuta za ofisini, zote Debian 12. Kabla ya kujenga naandika export CFLAGS="-g -O2 -fstack-protector-strong" (flagi, yaani maagizo ya ziada kwa kompaila ya C), halafu make. Nikisoma logi, gcc (kompaila yenyewe) imepewa -O3 -march=native basi. Flagi zangu hazimo hata moja. Kwangu programu inafunguka vizuri, ila kwenye kompyuta mbili za zamani inakufa papo hapo: Illegal instruction. Siku ya tatu hii nahangaika. Nakosea wapi?

fundi_mitambo: Pole mkuu. Fungua Makefile, faili la maelekezo ambalo make inalifuata, utakuta CFLAGS = -O3 -march=native. Kigezo kilichoandikwa ndani ya Makefile kinashinda cha mazingira, na ulichoandika kwenye amri yenyewe kinashinda vyote viwili. Badili = iwe ?= (weka tu kama hakijawekwa), export yako itasikika. Hilo -march=native litoe kabisa. Linairuhusu gcc kutumia maelekezo yote ya prosesa ya mashine inayojengea, na prosesa za zamani baadhi hazina.

Mama Paketi: Naongezea. Usibuni flagi kwa mkono, endesha amri ya dpkg-buildflags ikupe za Debian. Tazama sana CPPFLAGS (flagi za priprosesa, hatua ya kwanza ya kukompaili), ndiyo inayobeba -D_FORTIFY_SOURCE=2, kinga dhidi ya data kufurika kwenye kumbukumbu, na Makefile nyingi za kujiandikia haziigusi. Paketi inajengeka bila kosa lolote, kumbe kinga haimo! Hili linaniuma kila nikiliona, kwa sababu anayeumia ni mtumiaji asiyejua lolote. Weka $(CPPFLAGS) kwenye mstari wa kukompaili na $(LDFLAGS) kwenye wa kuunganisha, kisha pitisha logi kwenye blhc, programu inayokagua kama flagi za kinga zimo. Flagi za ziada zikae debian/rules, faili la kujengea paketi, kwa export DEB_CFLAGS_MAINT_APPEND, siyo kwenye terminali yako. Mwenzako akijenga kesho hatakuwa na export zako.

Muuliza swali: Nimebadili vyote, asanteni sana. Lakini zile mbili bado Illegal instruction.

fundi_mitambo: Ulifanya make clean? Make inaangalia tarehe za mafaili, haijui kwamba flagi zimebadilika. Mafaili ya .o (matokeo ya kukompaili) ambayo msimbo wake hukuugusa bado ni yale ya -march=native.

Muuliza swali: Sikufanya. Nimefuta yote nikajenga upya, zote mbili zinafungua. Nahamia kwenye CPPFLAGS sasa, blhc inalalamikia mafaili matatu.