Naomba ushauri: tangu nihamie kununua kwa simu, mboga zimepotea mezani

Habari zenu wapendwa, poleni na majukumu. Hapa nimekwama kidogo.

Tuko Mbezi, mimi na mume wangu wote tunafika home saa mbili usiku na foleni zetu, watoto wawili, miaka 6 na 9. Tangu mwaka jana manunuzi ya ndani nafanya kwa simu, boda analeta mpaka getini. Kwa mchele, unga na sabuni sina neno kabisa, shida nikiingia kutafuta maharage naletewa ofa ya soseji, juisi za boksi, biskuti nunua mbili upate ya tatu bure, halafu eti ukifikisha elfu hamsini usafiri bure, basi najikuta naongeza makorokoro ili tu nifikishe 😩 Juzi nafungua friji, soseji pakiti nne na nyanya moja imenyauka.

Mchicha niliagiza mara mbili, ukafika umelala kama umepigwa pasi, na bei mara mbili ya mama wa genge. Nikajaribu kuandika listi kabla, ikadumu wiki moja. WHO wanasema mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, sisi hata nusu hatufiki.

Sasa naomba kujua, mboga za majani za wiki nzima mnazihifadhije zisioze? Na kuna aliyeweza kupatana na mama genge awe anamletea, mnalipana vipi?