Naomba ushauri: oili ya bei nafuu kwa bodaboda ya cc 150

Wakuu, habari. Pikipiki ni ya cc 150, injini inapozwa kwa upepo, inapiga kazi kutwa na injini inachukua oili lita moja na kidogo kila ninapobadilisha. Natafuta 20W-50 (oili nzito) ya bei nafuu yenye alama ya JASO MA au MA2 nyuma ya kopo, yaani kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki ambazo klachi yake iko ndani ya oili. Ya gari siitaki hata ikiwa rahisi: nyingi, hasa nyepesi kama 5W-30, zina kemikali za kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyohiyo. Ikianza kuteleza, injini inalia mlimani lakini mwendo hauongezeki. Ya kupimiwa kwenye dumu nayo hapana.

Je, ya kawaida nikimwaga kila kilomita 1,500 inatosha, au nusu sintetiki (ya kawaida iliyochanganywa na ya kutengenezwa kwa kemia) hadi 3,000 inaokoa zaidi?