Nimeuziwa mashine ya kupasulia kuni ya "tani 30" ambayo haifiki hata tani 11. Vipimo ninavyo, soma kabla hujatoa hela yako

Kamwene wanyalukolo, na wakuu wengine wote salamu zenu.

Niko Mafinga, nafanya biashara ya kuni mwaka wa sita sasa. Nanunua mikaratusi kwenye mashamba ya watu, nakata kwa chenso, vijana wanapasua, tunapanga na kupakia Fuso. Ushuru nalipa, vibali vya kusafirisha ninavyo. Sina mtu wa kunibeba, kila shilingi iliyoko kwenye hii kazi imetoka mgongoni. Ndiyo maana naandika nikiwa na hasira.

Nimetoa 4,200,000. Nusu yake ni mkopo wa kikoba cha mke wangu, ambao tunaurudisha kila Jumamosi mashine ikiwa imelala uani chini ya turubai.

Nilikuwa nimepata oda ya kiwanda cha chai. Wanaojua Mufindi wanajua majani ya chai hukaushwa kwa moto wa kuni, na boila haitaki gogo zima, inataka vipande vilivyopasuliwa vya nusu mita. Walitaka mita za ujazo 60 kwa wiki tatu. Vijana wawili na mashoka hawawezi hiyo kazi, hasa kwa mkaratusi. Mkaratusi ukiupasua siku ile ile ulipoangushwa unafunguka vizuri tu. Ukiuacha miezi mitatu ukakauka, nyuzi zake zimejipinda na kushikana, shoka linadunda kama umepiga tairi. Mzigo wangu mwingi ulikuwa umeshakauka, kwa hiyo nikasema ni heri nikope ninunue mashine.

Muuzaji yuko Dar. Akanitumia video, gogo linaingia, linapasuka, linaingia lingine. Akaniandikia WhatsApp, na ujumbe ninao mpaka leo: "Kaka hii ni tani 30, kwenda na kurudi sekunde 12, waranti miezi 6, na kabari ya njia nne nakupa bure." Nikalipa. Ikapandishwa lori mpaka Mafinga, nauli juu yangu.

Siku ya kwanza tukaweka gogo la mkaratusi kavu, unene wake kama sentimita 35, na halina hata fundo kubwa. Kabari ikaingia kama vidole viwili ikasimama. Injini inanguruma, pistoni haiendi, reli, kile chuma kirefu kinacholalia gogo, imeanza kujikunja katikati mpaka unaona kwa macho. Tukatoa kabari ya njia nne tukaweka ya kawaida. Ikaingia nusu, ikakwama, tukaichomoa kwa nyundo na mtaimbo. Ile kabari ya bure sijaitumia tena, maana kupasua vipande vinne kwa mpigo mmoja kunataka nguvu kubwa zaidi, na hapa hata vipande viwili ni shida.

Nikakaa na saa ya simu nikapima. Sekunde 36 kwenda na kurudi, bila kuweka gogo. Gogo la namna ile linahitaji mipigo minne au mitano. Piga hesabu mwenyewe: hata usipopumzika ni kama magogo 20 kwa saa, huku inakunywa petroli. Kwenye paina laini, kijana mwenye shoka anaipita.

Nikampigia muuzaji. Akasema, "Bosi wangu, kaza ile skrubu ya presha kwenye valvu, wameiweka chini kiwandani." Sikuigusa. Niliita fundi anayetengeneza majeki ya matipa, mzee aliyeshika haidroliki, yaani mitambo inayosukumwa na mafuta ya presha, tangu ujana wake. Akafunga geji yake. Ikasoma 160, kwa kipimo cha presha kinachoitwa bar. Akakaza skrubu taratibu, 170, 180, ilipokaribia 200 injini ikakohoa ikazima. Tukawasha tena, ikazima tena. Mzee akaniambia, "Mwanangu, hiyo injini imeandikwa farasi 7, lakini hizo farasi zilipimwa huko chini pwani." Ni kweli. Mafinga tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini ya namna hii hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu yake. Anayeuza mashine Njombe, Makete au Mbeya bila kumwambia mteja hilo anamficha jambo.

Wakati tunahangaika hivyo, mpira mmoja wa haidroliki ukaanza kutoa ukungu mwembamba wa mafuta kwenye kifungio. Kijana akataka kupapasa kwa kiganja ajue unatokea wapi, mzee akamshika mkono kwa nguvu. Mafuta ya presha ile yanapenya ngozi kama sindano, unaona kidoa kidogo tu, baadaye mkono unaoza. Ukivujiwa, zima kwanza, tafuta kwa kipande cha boksi, na aliyechomwa akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo hata kama haumwi.

Kisha mzee akafungua silinda, lile bomba ambamo mafuta yanasukuma pistoni. Hapa ndipo nilipojua nimepigwa.

Akaingiza kipimo ndani: milimita 90. Akaandika kwa chaki kwenye ubao wa lori langu na mimi nikiwa pembeni. Nusu ya kipenyo ni sentimita 4.5. Zidisha kwa yenyewe, zidisha kwa 3.14, unapata eneo la kama sentimita za mraba 63.6. Bar moja ni karibu sawa na kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Zidisha 63.6 kwa 160. Ni kilo elfu kumi na kidogo. Tani 10 na pointi! Hata ile injini ingekubali kufika 200, ni tani 13 basi. Ili silinda ya milimita 90 itoe tani 30 inahitaji presha ya bar 460 hivi, na pampu za gia za kawaida za mashine hizi huishia 200 mpaka 250. Mashine ya kweli ya tani 30 kwa presha ya 200 ina silinda yenye kipenyo cha ndani karibu sentimita 14. Ziweke hizo silinda mbili pamoja, huhitaji shule kuona tofauti.

Kwa hiyo hakuna cha bahati mbaya wala mashine kuharibika. Ilipokuwa dukani haikuwa tani 30. Stika ya "30T" ilibandikwa juu ya silinda ambayo haiwezi.

Sekunde nazo ni hesabu ile ile. Silinda hiyo kwa mwendo wa sentimita 60 inameza lita 3.8 za mafuta kwenda tu. Pampu yangu inatoa lita 11 kwa dakika. Ni sekunde 21 kwenda, na kurudi kama 15. Zile 12 alizoniandikia zinataka pampu kubwa, au ya hatua mbili, ile inayosukuma mafuta mengi kwa presha ndogo pistoni ikiwa bado haijagusa gogo, halafu inajigeuza kutoa machache kwa presha kubwa ikigusa. Yangu ni ya hatua moja.

Hela ningeweza kuivumilia. Nisichoweza kuvumilia ni mkono wa valvu. Ukiusukuma mbele unabaki huko huko, ukiuachia haurudi katikati. Mashine salama, ukiachia tu pistoni inasimama, na nyingine zinataka mikono yote miwili ndiyo ziende. Wiki ya pili gogo liliteleza, kijana wangu wa miaka 22 akapeleka mkono wa kushoto kuliweka sawa, na pistoni haikusimama kwa sababu hakuna wa kuisimamisha. Mwenzake aliruka akazima injini. Glovu ilibanwa kati ya gogo na kabari, kucha ya kidole cha kati ikabaki ndani ya glovu. Mama yake ni jirani yangu. Nilienda kukaa naye sebuleni nikakosa la kusema.

Nilipompigia muuzaji kuhusu hilo, aliniambia miti yetu ya huku ni migumu na vijana wangu hawana mafunzo. Nikamtumia picha ya chaki na geji. Akajibu mstari mmoja: "Mali ikishauzwa hairudishwi, soma risiti." Nimeisoma. Imeandikwa "mashine 1". Hakuna tani, hakuna kipenyo, hakuna presha.

Wakuu mnaotaka kununua, neno "tani" lisiwatoe hela. Uliza kipenyo cha ndani cha silinda, uliza presha ya valvu, uliza pampu inatoa lita ngapi kwa dakika na kama ni ya hatua moja au mbili. Piga ile hesabu ya chaki ukiwa bado dukani. Achia mkono wa valvu uone kama unarudi. Mwambie akuandikie hivyo vipimo kwenye risiti na agonge muhuri. Akikataa, toka. Na video ya paina isiyo na fundo isikushawishi, beba gogo lako la mkaratusi kavu, lipasuliwe mbele yako.

Oda ya chai imeshaenda kwa mtu mwingine, nilifikisha mita za ujazo 23 tu.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa, na nimeshaandika barua kwa Tume ya Ushindani nikiwa na ujumbe wa WhatsApp, picha za geji na maelezo ya fundi. Jumatatu napanda basi la alfajiri na silinda ndani ya kiroba, nikaiweke juu ya kaunta ya muuzaji na kipimo pembeni, aipime mwenyewe mbele ya wateja. Aliyeuziwa mashine ya njano yenye stika ya 30T aniwekee hapa kipenyo cha silinda yake kabla ya Jumapili jioni, nataka niende na orodha.