Kwa nini wengi walipofuka Nairobi 1998?

Kidato_cha_Nne: Shikamooni wakubwa. Naandika insha kuhusu ugaidi. Bomu la ubalozi wa Marekani, 7 Agosti 1998, liliua watu 213 Nairobi, na wengi wakapoteza macho. Kwa nini macho?

Karani_Mstaafu: Marahaba mwanangu. Nilikuwa kazini jengo la jirani, Ijumaa asubuhi. Kwanza tulisikia mlipuko mdogo, wa guruneti. Watu wakakimbilia madirishani kuchungulia. Hapo ndipo bomu lenyewe likalipuka, vioo vikawaingia usoni. Mimi nilikuwa nimeinama nafunga droo. Mwenzangu, aliyekuwa ametoka kunimiminia chai, alisimama dirishani. Mpaka leo ananijua kwa sauti tu. Kikombe kilibaki mezani kizima, kimejaa vumbi.

Mwana_Temeke: Na Dar siku hiyohiyo, watu 11. Al-Qaeda, kundi la kigaidi lililolipua mabomu hayo, walisema adui wao ni Marekani, ila Nairobi Wamarekani waliokufa walikuwa 12. Wengine waliokufa karibu wote ni Wakenya wenzetu. Hilo liandike, tafadhali.

Karani_Mstaafu: Ubalozi ulipokuwa sasa ni bustani ya kumbukumbu, majina yamechongwa ukutani. Nenda uyasome kabla hujaandika. Mimi huenda kila Agosti, nikimshika mwenzangu mkono, namsomea.